MSHAHARA WA ASKARI NA MALI YA NYUMBA: HABARI ZA NCHI YETU TANGU MWAKA 1919



Katika mikutano ya mwaka huu neno moja limerudi mara nyingi. Watu wauliza kwa nini nyumba kadha wa kadha ambazo baba au mtoto wake alitumika jeshini, na hasa aliyefika daraja ya kuvaa nyota begani, zina chai iliyotunzwa vyema, ng'ombe wa maziwa na watoto waliosoma, hali majirani zao wenye udongo ule ule na mvua ile ile wamebaki nyuma. Wako wasemao kuwa ni bahati. Wako pia wasemao, kwa sauti ya chini, kuwa mali ile haikupatikana kwa haki. Kamati ilituagiza sisi tulio na kazi ya kalamu tuiandike habari hiyo tangu mwanzo wake, ipate kuwekwa katika taarifa ya mwaka. Tumeiandika kwa kadiri tulivyoweza, nasi twaona kwamba majibu hayo mawili yote ni mafupi mno.

Wengi hudhani kwamba habari ya maofisa kutajirika kwa utumishi wao ilianza baada ya Uhuru. Sivyo. Ilianza hapa hapa, katika nchi ya Kericho, mwaka 1919, na maofisa wenyewe walikuwa Waingereza.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Serikali ya Mfalme ilitaka kuwatuza askari wake Wazungu. Gavana wa nchi hii wakati huo, Sir Edward Northey, alikuwa mwenyewe Meja Jenerali, tena alikuwa amepigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Ukatengenezwa mpango wa kuwapa askari mashamba. Mashamba zaidi ya 1,000 yalipimwa, jumla yake ekari zaidi ya milioni mbili, mengine yakatolewa bure kwa bahati nasibu, na mengine kwa bei ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mwafrika hakuwamo katika bahati nasibu hiyo, ijapokuwa alikuwamo katika vita. Jirani zetu Wanandi walipoteza ardhi nyingi kwa ajili ya mpango huo.

Upande wetu wa Kericho ulikuja mpango mwingine wa namna yake. Maofisa walioumizwa vitani walifanya shirika lao, likapewa ardhi ipatayo ekari 25,000 katika nchi iliyokuwa ya Wakipsigis, ili wapande kitani, yaani ule mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Shirika hilo lilijulikana kwa herufi za BEADOC. Bei ya kitani ilikuwa juu sana wakati wa vita, na waliokuja waliamini itaendelea kuwa juu. Haikuendelea. Mwaka 1920 na 1921 bei ilianguka vibaya. Tena mwaka huo wa 1920 thamani ya rupia ilipandishwa, ikawa shilingi mbili za Kiingereza badala ya shilingi moja na senti nne za kwao, na hivyo mtu aliyekopa benki kwa rupia aliona deni lake limeongezeka nusu nzima pasipo yeye kununua hata jembe. Lile shirika la walemavu wa vita likavunjika. Katika miaka ya 1924 na 1925 makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia Kericho kupanda chai, na ardhi ya wale maofisa ikaishia mikononi mwa wapanda chai.

Hapa twawaomba wasomaji watulie kidogo, kwani jambo hili lina mafundisho kuliko mengine yote yatakayofuata. Maofisa wale walikuwa na pensheni ya ujeraha, walikuwa na ardhi, na walikuwa na Serikali upande wao. Hata vibarua walitafutiwa, maana mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka machifu na mabwana shauri wawahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Pamoja na hayo yote, mmoja mmoja, waliondoka. Ardhi yenyewe haikurudi kwa wenyewe. Ilipita mikononi mwa aliyekuwa na fedha za kungoja mche wa chai ukue.

Na Mwafrika je? Katika vita ile watu wetu wengi hawakuchukuliwa kuwa askari bali wachukuzi. Ndio wale wa Kariakoo, waliobeba mizigo kichwani hadi nchi ya Wajerumani. Mshahara wao ulipunguzwa wakati vita ikiendelea, hata ukafika rupia tano kwa mwezi, kwa sababu ilihofiwa kwamba wakilipwa zaidi hawatakubali tena mishahara ya mashambani. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa homa na kuhara, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, kwani majina hayakuandikwa sawasawa, au mtu aliandikwa kwa jina la kijiji asichotoka.

Vita ya pili ilikuwa tofauti. Toka mwaka 1939 hata 1945 watu wa Kenya wapatao 98,000 waliingia katika utumishi wa jeshi. Katika Keya, yaani King's African Rifles, Wakamba na makabila yetu ya Kikalenjini walitafutwa kuliko wengine. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikateremka bonde la Kabaw katika Burma mpaka mto Chindwin. Hao walilipwa kila mwezi, tena kwa kitabu. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ipelekwe nyumbani, mke au baba akaipokee bomani kwa Bwana DC, na sehemu nyingine ikawekwa akiba mpaka siku ya kuachishwa.

Mpango huo wa kupeleka fedha nyumbani ndio uliogeuza mambo katika nchi yetu. Zamani kijana aliyetaka mali alitegemea ng'ombe wa baba yake, na baba aliyetaka mali yake isife yote kwa ugonjwa mmoja aliwaweka ng'ombe kwa rafiki wa mbali kwa desturi yetu ya kimanagan. Sasa kijana aliyekuwa Burma alikuwa na fedha ambazo hazikutoka kwa baba wala kwa mjomba. Ng'ombe wa mahari walinunuliwa kwa fedha hizo, lakini si ng'ombe tu. Wakipsigis walikuwa wamekwisha kuanza kuzungushia mashamba yao ua na kulima mahindi ya kuuza, kwa sababu maelfu ya vibarua wa chai walihitaji posho. Aliyekuwa na fedha za vita alinunua plau na dume za kuikokota, akalima lake, kisha akawalimia wengine kwa malipo. Wengine walichanga wakajenga vinu vya maji kando ya vijito vyetu, mahindi yakasagwa karibu na nyumbani. Wazee wetu walioviona vinu hivyo wajua kwamba kinu kimoja kiliwapa watu wa kokwet nzima unga, na mwenye kinu akapata karo ya watoto.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba askari wote walirudi matajiri. Wengi walifungua maduka na hoteli za chai zisizokuwa na wateja, kwa kuwa kila mmoja alifungua duka kando ya duka la mwenzake. Wengine walinunua lori kuukuu kwa ubia, na lori lilipoharibika ubia nao ukaharibika. Fedha iliyokuwa ndogo tangu mwanzo ilikwisha.

Nayo ilikuwa ndogo kweli. Katika kiinua mgongo cha kuachishwa, askari Mzungu wa cheo cha chini alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Mwafrika wa cheo hicho hicho alihesabiwa shilingi 3 na senti 50. Tupige hesabu. Aliyetumika miaka minne, yaani miezi 48, alipata shilingi 168 ikiwa ni Mwafrika, na shilingi 480 ikiwa ni Mzungu. Na tofauti hiyo si ya kiinua mgongo peke yake. Toka mwaka 1946 ilikuwako Bodi ya kuwakalisha wakulima wa Kizungu, nayo ilitoa mashamba na mikopo kwa maofisa waliokuja kutoka vitani. Mwafrika alipewa mafunzo, mathalani katika Jeanes School pale Kabete, na mafunzo yale yalikuwa mema. Lakini mafunzo bila ardhi na bila mkopo ni kama plau bila dume. Hata Marekani haikuwa mbali na hayo, kwani sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari kununua nyumba na kusoma iliwanufaisha Wazungu wao sana, hali watu weusi waliotumika vita ile ile walizuiliwa na mabenki na ofisi za majimbo yao.

Wala tusiwasahau waliokosa hata hizo shilingi 168. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa nyumba hizo habari za vita zilikwisha siku ile.

Sasa tuje kwa maofisa wetu wenyewe. Mwafrika hakuwa ofisa kamili katika Keya. Alipanda mpaka sajini meja, akasimama hapo. Katika miaka ya 1950 kiliwekwa cheo cha Effendi, kilichokuwa kati ya sajini meja na ofisa, na mwaka 1961 baadhi ya Maeffendi walipewa nyota za kweli. Miongoni mwao alikuwa Joseph Ndolo, ambaye mwaka 1966 akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la Kenya.

Upesi wa kupanda vyeo ulikuwa wa ajabu. Mtu aliyekuwa Effendi alikuwa Meja baada ya miaka michache, maana Waingereza waliondoka na nafasi zilijazwa. Lakini askari wa chini alibaki na mshahara ule ule. Ndiyo sababu ya ghasia za Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, wakitaka shilingi 260 kwa mwezi badala ya 105, na kutaka maofisa wa Kizungu waondolewe. Tarehe 23 wakaasi wa Jinja katika Uganda. Tarehe 24 wakaasi wa Kikosi cha 11 pale Lanet karibu na Nakuru, si mbali na kwetu. Ya Lanet yalizimwa kwa msaada wa majeshi ya Kiingereza, na askari mmoja akauawa. Toka hapo hapana serikali katika nchi hizi tatu iliyosahau kwamba mshahara wa askari si jambo la karani peke yake.

Serikali ya Kenya ilifahamu, ikaongeza si mshahara tu bali vitu vyote viuzungukavyo mshahara. Hivyo ndivyo vilivyo siri ya nyumba ya ofisa, ikiwa ni siri. Ofisa hakulipa kodi ya nyumba kama mtu wa mjini alivyolipa, kwa sababu alipewa nyumba au posho yake. Jamaa yake ilitibiwa hospitali ya jeshi. Kantini za jeshi ziliuza vitu bila ushuru, na mke wa ofisa alinunua sukari, mablanketi na bati kwa bei ambayo mwalimu wa shule hakuijua. Zikajengwa na shule, kama Moi Forces Academy, za watoto wa askari. Mwalimu na ofisa wenye mshahara ulio karibu sawa hawakuwa sawa mwisho wa mwezi, kwa kuwa wa mwalimu ulikuwa umekwisha liwa na yale ambayo ofisa alipewa.

Yaliyobaki ndiyo yaliyogeuka kuwa ardhi. Mwenye mshahara wa kila mwezi aliaminiwa na benki, naye alipata mkopo wa kununua shamba ambao mkulima asiye na karatasi hakuupata. Ripoti ya Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 ikawaruhusu watumishi wa Serikali kuwa na mashamba na biashara huku wakitumika. Wako walioisifu ruhusa hiyo, na wako wasemao kwamba ndiyo iliyofungua mlango wa watu kutumia cheo kujipatia vitu. Sisi twaona pande zote mbili zina haki. Ofisa mkubwa aliyepata shamba la Mzungu kwa bei ya urafiki hakulipata kwa mshahara, na tusimtaje pamoja na Kapteni aliyelipa mkopo wake miaka kumi na mitano. Uganda ilionyesha mwisho wa njia ile nyingine. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi na kuwagawia maofisa wake maduka na viwanda. Watu wakawaita mafuta mingi. Miaka michache haikupita rafu zikawa tupu, maana aliyepewa duka hakujua shehena mpya huagizwa wapi wala hakuwa na mkopo wa kuiagiza.

Turudi Boito. Mche wa chai hauleti fedha mwaka wa kwanza wala wa pili. Hata ukifika mwaka wa tatu mchumo wake ni haba. Katika muda huo mwenye shamba apaswa kununua miche, kupalilia na kulisha nyumba kutoka sehemu iliyobaki ya shamba dogo. Chai ya wakulima wadogo ilipotiwa nguvu na kuundwa kwa KTDA mwaka 1964, aliyekuwa na uwezo wa kungoja alikuwa ni yule aliye na mshahara nje ya shamba: mwalimu, karani, mfanya kazi wa kampuni, na askari. Ofisa alikuwa na zaidi ya hao. Alipanda ekari tatu ambapo wenziwe walipanda robo. Chai ilipoanza kuleta malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka, mshahara ulikwisha kuachiliwa kwa karo, na mtoto aliyesoma akapata kazi nyingine ya mshahara. Hivyo nyumba ikawa na mito mitatu ya fedha hali jirani ana mmoja, au hana. Ni jambo lile lile la Brooke Bond na wale maofisa wa kitani, ila kwa kipimo cha nyumba.

Katika miaka ya karibu umeongezeka mto wa nne, nao ni kazi ya kulinda amani. Kikosi cha Kenya kilikwenda Namibia mwaka 1989, kisha Yugoslavia, Sierra Leone na kwingineko, na posho za safari hizo zilijenga nyumba nyingi za mawe. Majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011 na kuwekwa chini ya Umoja wa Afrika mwaka 2012, Umoja wa Ulaya ulitoa dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi, na serikali husika zilikata sehemu kabla ya kumpa mwenyewe. Mwaka 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa moja ya tano. Na Januari 15 ya mwaka huo huo kambi ya El Adde ilishambuliwa, vijana wengi wa Kenya wakauawa.

Mali hiyo yaweza pia kukatika ghafula. Baada ya Agosti 1, 1982, jeshi la anga lilivunjwa lote kwa ajili ya jaribio la kuipindua Serikali. Watu waliokuwa na mikopo na watoto shuleni walikosa mshahara na pensheni kwa siku moja, na wengi walifungwa. Baadhi yao walishinda mahakamani baada ya miaka thelathini na zaidi, wamekwisha kuzeeka.

Latubakia jambo moja ambalo Kamati ilitaka lisemwe wazi, kwani nyumba zetu kadhaa zimevunjika kwa ajili yake. Chai huchumwa na mke, lakini nambari ya mkulima kwenye kituo cha kununulia imeandikwa kwa jina la mume, na malipo huingia katika hesabu yake. Kadhalika katika faili la jeshi kuna jina la mrithi, ambalo kijana hulitoa siku ya kuandikwa akiwa na miaka kumi na minane au ishirini. Siku hiyo hutaja mama yake au kaka yake, maana hana mke. Baada ya miaka kumi ana mke na watoto wanne, na jina faililini ni lile lile. Akifa, kaka aitwa Nairobi, mjane aenda kwa chifu kuomba barua, na nambari ya chai hufungwa hata mahakama itoe hati ya mirathi chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1981. Katika miezi hiyo majani hukua yakapita kipimo, na hakuna wa kuyauza kwa jina lake mwenyewe.

Mwandishi wa Chama ana karatasi za kuombea mabadiliko ya jina la mrithi, naye hukaa ofisini kila Jumamosi asubuhi. Wenye watoto jeshini waje na nambari ya utumishi, hati ya ndoa au barua ya chifu juu ya koito, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Askari mwenyewe hana budi kutia sahihi akiwa likizoni.